Simu imekwenda na programu ya misimbo: namna ya kurudi kwenye akaunti

Nenosiri umeliandika, limekubalika, kisha ukurasa unadai tarakimu 6 zilizokuwa kwenye simu ambayo hunayo tena. Kabla ya kugusa kitu kingine, angalia ni wapi akaunti hiyo bado iko wazi: laptopu ya nyumbani, tableti ya watoto, kompyuta ya kazini. Popote ilipo wazi, usitoke. Usifute kuki wala historia ya kivinjari, usibadilishe nenosiri, na usijaribu kuingia mara kumi mfululizo. Kifaa ambacho akaunti inakifahamu ndicho shahidi wako mkubwa, na watu wengi humfukuza shahidi huyo wenyewe katika dakika tano za mwanzo.

Kilichopotea hasa ni nini

Siku ulipounganisha Google Authenticator au programu nyingine ya aina hiyo, mchoro wa QR ulioupiga kwa kamera ulibeba ufunguo wa siri. Nakala moja ikabaki kwenye simu, nyingine kwenye seva ya huduma. Kila sekunde 30 pande zote mbili huchanganya ufunguo huo na saa na kupata namba ileile. Hakuna ujumbe unaotumwa, ndiyo maana misimbo hutoka hata simu ikiwa haina bando wala laini. Kwa sababu hiyohiyo, kurudisha laini peke yake hakurudishi misimbo, na ukipakua programu upya bila nakala ya ufunguo utaikuta tupu. Basi unatafuta kimoja kati ya viwili: nakala ya ufunguo, au kitu kingine ambacho huduma itakikubali badala ya msimbo.

Simu ipo lakini imevunjika

Hii ndiyo hali yenye matumaini zaidi, na ndiyo inayoharibiwa sana na haraka. Kama picha inaonekana lakini tachi imekufa, nunua kiunganishi cha OTG (kinachowezesha simu kupokea vifaa vya USB) kinacholingana na tundu la chaji, chomeka mausi ya kawaida ya kompyuta, na kwenye simu nyingi za Android mshale utatokea kwenye kioo. Kwa mausi hiyo utafungua simu, utaingia kwenye Google Authenticator, utafungua menyu ya kuhamisha akaunti na kuchagua kutoa. Itatokea QR utakayoiskani kwa simu mpya. Usihangaike kupiga picha ya skrini, kwa kuwa kwenye Android programu huizuia. Iskani moja kwa moja.

Kama kioo ni cheusi kabisa lakini simu inatetemeka au inalia ikipigiwa, mpelekee fundi na umwambie wazi: badilisha kioo tu, usiflashi, usirudishe mipangilio ya kiwandani. Fundi akishaiflashi, funguo zote zimefutika na hakuna ujanja wa kuzifufua.

Fungua na droo pia. Ukihamisha misimbo kwenda simu mpya, simu ya zamani hubaki nayo mpaka uifute mwenyewe, na wengi hawafuti. Kama simu uliyoistaafisha mwaka juzi bado inawaka, huenda inatoa misimbo halali mpaka leo. Haihitaji laini. Iunganishe na Wi-Fi kwanza ili saa yake ijirekebishe, la sivyo itakupa namba ambazo seva itazikataa.

Simu imeibwa

Agiza simu ifungwe kwa mbali kupitia google.com/android/find ukitumia simu ya mtu unayemwamini. Kama kufunga kwa namba ya simu kulikuwa kumewashwa mapema, nenda android.com/lock, panahitaji namba yako tu. Piga simu kampuni ya laini wazuie laini na akaunti ya pesa. Kufuta kila kitu kwenye simu kuache mwisho, ukishaingia kwenye akaunti zako: simu ikipatikana baada ya kufutwa, misimbo haimo.

Kisha rudisha laini, namba ileile. Haileti misimbo ya programu, lakini huduma nyingi hukubali SMS kama njia ya pili. Tanzania utahitaji namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na alama ya kidole. Kenya, kitambulisho chako halisi. Aliyeko Muscat au Minneapolis huku akaunti yake imefungwa kwenye laini ya Tanzania ana shida ya ziada, kwa sababu kidole ni cha mwenye laini na ndugu hawezi kukiweka kwa niaba. Laini iliyolala miezi kadhaa bila kutumika nayo hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Kama bado unaingia kwenye akaunti yoyote iliyounganishwa na laini ya namna hiyo, badilisha namba leo.

Programu inaweza kuwa na nakala mahali

Google Authenticator ilianza kuhifadhi misimbo kwenye akaunti ya Google Aprili 2023. Kama uliiruhusu, ukiipakua kwenye simu mpya na kuingia kwa akaunti hiyo, misimbo inarudi yote. Mtego uko hapa: kama akaunti ya Google yenyewe inadai msimbo kutoka kwenye programu hiyohiyo, ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Lazima uingie Google kwa njia nyingine kwanza, na ndipo nyingine zitafunguka kwa mkupuo.

Authy, programu nyingine ya misimbo, inarudi kwa namba ileile ya simu pamoja na nenosiri la hifadhi uliloweka. Nenosiri hilo likisahaulika, misimbo haifunguki, hata kwa wenye programu. Microsoft Authenticator ina hifadhi yake, ila nakala iliyotoka Android hairudi kwenye iPhone, wala ya iPhone kwenye Android. Tafuta simu ya aina ileile kabla ya kukata tamaa.

Misimbo ya akiba

Ulipowasha uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri kisha msimbo), karibu kila huduma ilikupa orodha ya namba za dharura. Google hutoa 10, kila moja tarakimu 8, na kila moja hutumika mara moja tu. Tafuta kwenye kompyuta faili lenye jina linaloanza na Backup-codes. La GitHub, tovuti ya waandishi wa programu, huitwa github-recovery-codes.txt. Facebook hutoa 10, Instagram 5. Pekua folda ya vilivyopakuliwa, picha za skrini, karatasi ulizochapisha, na meseji ulizojitumia mwenyewe WhatsApp. Kama uliwahi kuomba orodha ya pili, ya kwanza haifanyi kazi tena, kwa hiyo ukikuta mbili anza na yenye tarehe ya karibuni.

Kuomba Google wakurudishe

Ukikosa vyote, kwenye ukurasa unaodai msimbo bonyeza "Jaribu njia nyingine" na uone inakupa nini: SMS, kugusa "Ndiyo" kwenye kifaa kingine chenye akaunti hiyo, au misimbo ya akiba. Kama hakuna unachoweza, nenda g.co/recover. Matokeo hutegemea sana mahali ulipo unapojaza, kuliko unachoandika.

Jaza ukiwa kwenye kifaa ulichozoea kukitumia, kwa kivinjari kilekile, kwenye intaneti ya nyumbani au kazini. Kwenda intaneti kafe au kuwasha VPN (programu inayoficha mahali ulipo) ni kujifanya mgeni kwenye akaunti yako mwenyewe. Usiruke swali, ukiulizwa nenosiri la mwisho unalokumbuka, andika hata la zamani kama ndilo unalolijua. Anwani ya kuwasiliana iwe ya barua pepe unayoweza kuifungua sasa hivi, na uangalie folda ya taka. Google wanasema uhakiki wa akaunti yenye hatua mbili unaweza kuchukua siku 3 hadi 5 za kazi. Ukiambiwa usubiri, subiri. Kujaza fomu upya kila baada ya saa moja hakuharakishi kitu.

Kama kuna kompyuta ambayo ulishaweka alama ya kutoulizwa msimbo tena, fungua humo myaccount.google.com, sehemu ya Usalama. Mara nyingi utaulizwa nenosiri tu, kisha unaweza kutoa misimbo mipya ya akiba au kubadilisha programu ya uthibitishaji. Hapo kazi imekwisha bila fomu yoyote.

Wengine wana masharti yao

GitHub ndio wakali. Bila misimbo ya akiba watakuomba uthibitishe kwa kifaa kinachotambulika, ufunguo wa SSH au tokeni uliyonayo (funguo za kidijitali ambazo waandishi wa programu hutumia kuingia), na ukaguzi unaweza kuchukua hadi siku 3 za kazi. Ukikosa hivyo vyote, hawarudishi akaunti. Wanachoweza ni kuiachia anwani ya barua pepe ili uitumie kwenye akaunti mpya.

Microsoft wanakuruhusu kubadilisha taarifa zote za usalama, lakini utasubiri siku 30. Fomu yao ya kurejesha akaunti haisaidii iwapo hatua mbili zilikuwa zimewashwa, kwa hiyo usipoteze jioni nzima nayo. Kama uliwahi kuandika msimbo wao wa kurejesha wenye herufi 25, utafute.

Facebook inaweza kukuomba kitambulisho. Instagram huomba video ya uso wako ukigeuza kichwa, jambo linalosaidia ikiwa tu akaunti ina picha zako. Ukurasa wa duka wenye picha za vitenge tupu hauna uso wa kulinganisha. Akaunti ya kazini ni rahisi kuliko zote: mtu wa IT anaweza kukutolea misimbo ya muda au kukufutia programu ya zamani kwa dakika chache. Usihangaike na fomu za umma.

Msimbo upo lakini unakataliwa

Karibu kila mara kosa ni saa. Seva nyingi huvumilia tofauti ya nusu dakika hivi. Simu iliyowekwa saa kwa mkono, au iliyoachwa na majira ya nchi nyingine huku saa ikisogezwa ili ionekane sawa, itatoa namba zisizolingana. Washa saa na majira ya kujiendesha kutoka kwenye mtandao, funga programu, ifungue upya, kisha usubiri namba mpya badala ya kuwahi ile inayokaribia kuisha. Hakikisha pia unasoma mstari sahihi. Mwenye akaunti tatu za Google hukosea hapa mara nyingi.

Wanaojitolea kukusaidia

Ukiandika mtandaoni kwamba umefungiwa nje, watatokea "wataalamu" wa kurudisha akaunti kwa malipo. Hakuna mtu wa nje anayeweza kutengeneza msimbo bila ufunguo, na Google hawana namba ya kupiga ili urudishiwe akaunti ya bure. Anayekuomba msimbo wa SMS uliokufikia anataka kuingia yeye.

Ukishaingia

Fuata mpangilio huu. Kwanza toa kifaa kilichopotea kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia. Pili, badilisha programu ya uthibitishaji. Huduma itatoa ufunguo mpya na ule ulioko kwenye simu ya mwizi utakufa. QR ikiwa bado iko kwenye skrini, iskani kwa simu mbili, yako na nyingine inayobaki nyumbani, kisha ndipo uthibitishe. Tatu, toa misimbo mipya ya akiba na uichapishe. Nne, badilisha nenosiri, kisha pitia namba ya simu na barua pepe ya kurejesha. Google wanaweza kuendelea kutoa chaguo la kutuma misimbo kwenye namba ya zamani kwa siku 7 baada ya kuibadilisha, kwa hiyo kama laini ile bado iko mikononi mwa mtu mwingine, hakikisha imefungwa kabla ya siku hizo kuanza kuhesabika.