Meno hayakutani baada ya kuanguka? Jinsi ya kujua kama taya limevunjika, na namna ya kuishi na waya mdomoni

Nianze na kosa langu ili wewe usilirudie. Nilianguka na bodaboda jioni moja mvua imetoka kunyesha, kofia ya abiria ipo ila imening'inizwa kwenye usukani, nikatua na kidevu kwenye lami. Zahanati ya karibu wakanishona nyuzi tano chini ya kidevu, nikachomwa sindano ya maumivu, haya nenda nyumbani. Hakuna aliyeniambia hebu uma meno tuone. Siku tatu nakunywa chai kwa upande nikijua ni uvimbe tu utaisha, mpaka mama mkubwa akaja kunipa pole akaniangalia weee akasema mbona kidevu chako kimehamia kushoto.

Taya lilikuwa limevunjika sehemu mbili. Na hapo ndo nikajifunza kwamba taya la chini limekaa kama upinde, ncha zake mbili zimeshikwa kwenye fuvu mbele ya masikio, kwahiyo ukiligonga huku linaweza kuachia na kule. Jaribu kuvunja bangili ya plastiki uone kama itakatika sehemu moja tu. Ndo maana mtu akishona kidonda cha kidevu bila kugusa mbele ya masikio kazi yake ni nusu.

Sasa kipimo chenyewe, hakina gharama na unakifanyia nyumbani. Funga meno taratibu kama unavyofunga siku zote. Wewe unajua meno yako yanavyokutana, umeishi nayo miaka yote hiyo, na yakikutana tofauti na jana, mfano upande mmoja unagusa mapema, au ya mbele yamebaki wazi wakati ya nyuma yameshagusana, hiyo usiite uvimbe. Hiyo peleka hospitali hata kama maumivu ni ya kuvumilika.

Angalia na haya mengine. Mdomo wa chini na kidevu upande mmoja vina ganzi kama umetoka kung'olewa jino (mshipa wa fahamu wa mdomo unapita ndani ya mfupa, mfupa ukikatika na wenyewe unaumia). Ufizi umechanika katikati ya meno mawili na pametokea kama ngazi ndogo, kana kwamba meno yamehamana. Inua ulimi mbele ya kioo, ukiona damu imevilia chini yake, bluu bluu hivi, hiyo ni dalili nzito sana. Ukifungua mdomo kidevu kinakimbilia upande mmoja. Weka vidole mbele ya masikio yote mawili halafu fungua na funga, pakiuma sana au upande mmoja hausogei, shaka.

Kuna na kile kijiti cha mbao cha kukandamizia ulimi, cha aiskrimu kinafaa pia. Kibane kwa meno ya nyuma halafu mtu akizungushe taratibu. Ukiweza kukibana mpaka kijiti kikavunjika, uwezekano mkubwa taya ni zima. Ukikiachia kwa maumivu, kapigwe picha. Ila kama mdomo umeshapinda kwa macho usimfanyie mtu hilo jaribio, unamtesa bure, jibu unalo.

Kwa mtoto kuwa mkali zaidi. Mtoto akianguka akachanika chini ya kidevu, watu wote wanakimbilia kidonda, kumbe kishindo kimepanda mpaka kwenye kiungo mbele ya sikio. Isipoonekana mapema kiungo kinaweza kuganda, mdomo ukawa haufunguki, na taya upande huo lisikue vizuri. Mtoto anayekataa kutafuna wiki nzima baada ya kuanguka msimwite mdeko.

Pale pale kwenye ajali lakini, taya si la kwanza. La kwanza ni pumzi. Kama anajitambua na shingo haimuumi, akae ameinama mbele, damu na mate vitoke nje, asimeze. Usimlaze chali eti apumzike, maana ulimi umeshikwa na taya la chini kwa mbele na taya likivunjika pande zote mbili ulimi unarudi nyuma unaziba koo. Akiwa amezimia, mlaze ubavu, watu kadhaa mkimgeuza kwa pamoja kichwa na mwili vikienda kitu kimoja. Kumfunga kanga kuzunguka kichwa na kidevu kwa kukaza nako kuna hatari, inalisukuma taya nyuma, bora alishikilie mwenyewe kwa kiganja. Hesabu meno. Jino lililong'oka shika sehemu nyeupe usiguse mzizi, tia kwenye maziwa uende nalo, ndani ya nusu saa ndo bora zaidi, na jino lisiloonekana popote mwambie daktari, wakati mwingine limeshuka kwenye mapafu na picha ya kifua ndo inaliona.

Akitoka maji maangavu membamba puani au sikioni baada ya kupigwa usoni, asipenge kamasi, hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo. Na akianza kutapika tapika, kusinzia au kuongea vitu visivyoeleweka, sahau taya kwanza, kichwa ndo kitangulie.

Hospitali: kwa Tanzania ajali ya barabarani itakudai PF3, ile fomu ya polisi, ila mtu anayevuja damu anahudumiwa kwanza, karatasi ndugu anaifuatilia. Ulizia daktari wa meno, na kama hospitali ni ndogo omba rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Watu wengi wanapotea hapa, wanadhani meno ni kung'oa tu, wanaenda kukaa foleni ya mifupa. Picha ya kuomba ni OPG, ile mashine inayozunguka kichwa inatoa taya zima kwenye picha moja, au CT skani kama uso wa juu nao umeumia. Ukiona kwenye faili wameandika Le Fort na namba usiogope, huyo ni Mfaransa aliyechapisha mwaka 1901 mistari ambayo uso wa juu hupasukia, namba inasema umepasukia mstari gani.

Mstari wa mfupa uliovunjika ukipita penye meno huo ni mvunjiko wa wazi hata kama nje ngozi ni nzima, maana mate na wadudu wake yanaingia kwenye mfupa. Kwahiyo antibayotiki utapewa, maliza dozi, na kumbushia sindano ya pepopunda. Wale wa kukanda na majani ya moto waombe radhi tu wapite, mfupa wenye vijidudu ukiukanda unavuruga kila kitu.

Matibabu yenyewe kuna vyuma vidogo vya titaniamu vinavyofungwa kwa skrubu ukiwa nusu kaputi, na kuna waya. Vyuma ni vizuri, unafungua mdomo mapema, ila bei imechangamka. Mimi nilifungwa waya: ukanda mwembamba wenye vikulabu unafungwa kwenye meno ya juu, mwingine ya chini, halafu mataya yanafungwa pamoja. Mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6. Ikiwa ni kile kiungo cha mbele ya sikio huwa wanafungua mapema zaidi ili kisigande, kwahiyo usijilinganishe na jirani wa wodini.

Kabla hujatoka hospitali hakikisha una kitu kimoja: mkasi wa kukatia waya, au plaizi ndogo kali, unakaa nao shingoni au mfukoni masaa 24 na mtu wa nyumbani anajua matumizi. Muombe daktari akuonyeshe kwenye kioo zipi za kukata. Ni zile zilizosimama wima zinazounganisha juu na chini, sio zinazozunguka jino moja moja. Ukitapika kwanza inama kichwa chini, matapishi ni maji yatatoka katikati ya meno na pembeni. Pumzi ikigoma kabisa, kata. Pombe hapana, hata moja, kutapika umelewa na mdomo umefungwa sina haja ya kueleza.

Chakula sasa. Nyuma ya jego la mwisho kuna kaupenyo, sirinji kubwa yenye kamrija unaipitisha ndani ya shavu mpaka hapo, unasukuma kidogo kidogo umekaa wima. Wiki ya kwanza nilikunywa uji mweupe na juisi nikapungua kilo sita, ujinga, ule ni maji na sukari. Uji wa ulezi na siagi ya karanga na maziwa ndo ulioniokoa, na mtori uliosagwa na nyama kwenye blenda halafu ukapitishwa kwenye chujio, usipochuja kauzi kamoja ka nyama kanaziba mrija unaanza kulia kama mtoto. Parachichi na maziwa. Dagaa wakisagwa vizuri wanapita, ila harufu utakaa nayo mpaka kesho. Kula mara sita au nane kwa siku, njaa ya kimiminika inarudi haraka. Dawa omba za maji.

Baada ya kila mlo sukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi, mswaki wa mtoto wa nyuzi laini upitishe nje ya meno, na dawa ya kusukutua uliyopewa asubuhi na jioni. Waya ikichoma shavu kuna nta laini ya wenye vyuma vya meno, bandika. Midomo paka mafuta ya mgando. Lala kichwa juu ya mito miwili. Sigara inachelewesha mfupa kuunga, najua hutaki kusikia. Rudi hospitali kabla ya tarehe kama waya imelegea ukasikia mataya yanacheza, uvimbe ulioshuka umepanda tena, usaha, homa, au harufu mbaya isiyoisha kwa kusukutua.

Siku ya kufunguliwa usitegemee nyama choma. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja nikadhani wameniharibu, kumbe misuli imelala wiki sita. Daktari akanipa vile vijiti vya ulimi, unavipanga katikati ya meno, kila siku mbili tatu unaongeza kimoja, mara kadhaa kwa siku, mpaka vidole vyako vitatu vikisimama viingie. Chakula laini kwa wiki kadhaa, ndizi, wali bokoboko, mayai. Ganzi ya mdomo inaweza kukaa miezi, kwahiyo jipanguse, uji unadondoka na wewe husikii. Kidole changu cha tatu kiliingia wiki ya tano, kwa kukibana.