Kuku wasiliwe usiku, anza na banda
Wengi wanaweka ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita wanadhani wamemaliza, kumbe ule unamzuia kuku asitoke tu, mbwa anaupasua kwa meno na kicheche mdogo anapenya kiulaini. Tafuta wavu mgumu wa chuma uliochomelewa, matundu kama sentimita 1.3 hivi. Halafu chini sasa, maana wengine wanachimba: fukia wavu sentimita 30 kuzunguka banda lote, au kama ardhi ni ngumu ulaze tu kwa nje upange mawe juu yake, mnyama huwa anaanza kuchimba palepale ukutani, akigusa chuma anakwama.

Fito za kulalia zisiwe karibu na wavu. Mi nishawahi kukuta kuku hana kichwa na banda limefungwa vizuri kabisa, alivutwa kupitia tundu!

Mlango ni komeo na kufuli, sio kamba jamani. Jioni toa chakula kilichobaki, kinaita panya, na panya wanaita nyoka. Na uwahesabu kabla hujafunga, yule mbishi anayependa kulala mtini ndo huwa wa kwanza kuliwa.