SOMO: Mbuna akiwa na msongo, usikimbilie kumwaga maji

Wiki hii nimetumiwa picha sita za mbuna (samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa tunaowafuga tangini) waliolala chini ya tangi, na swali ni lilelile: "nimpe dawa gani?" Ni Julai, Mbeya baridi imekaza, na kila Julai huwa hivi. Naandika mara moja, ukiuliza tena nitakurudisha hapa.

1. Mtazame kabla hujamgusa. Kaa mbele ya tangi dakika kumi asubuhi kabla ya kulisha. Mbuna mzima akikuona anakimbilia kwenye kioo. Mwenye msongo amebana mapezi mwilini, rangi imefifia (wa bluu anakuwa kama majivu), amejibanza kona karibu na hita. Akijikwaruza kwenye mawe, kuna kitu kinamchoma matamvua au ana vimelea. Wote wakitweta juu kwa wakati mmoja, tatizo ni maji. Akiwa mmoja tu na mapezi yamechanika, anapigwa na wenzake: ongeza mawe ya kujifichia.

2. Pima joto. Liwe digrii 24 hadi 28.

3. Pima amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Zote ziwe sifuri.

4. Acha kulisha siku mbili. Hafi njaa.

5. Badilisha maji KIDOGO. Hapa ndipo nilipoua samaki, kwa hiyo soma taratibu. Mwaka wangu wa kwanza niliwakuta mbuna wangu 14 wanatweta. Nikamwaga karibu maji yote, nikaingiza mpira wa bomba moja kwa moja, na juu yake nikatia vijiko vya magadi soda ili kupandisha pH (kipimo cha uchachu: ikiwa chini, maji ni machachu). Kipimajoto kilishuka hadi 16. Haikupita robo saa, walianza kuzunguka kama pia. Jioni nilibaki na watano.

Nilikosea mambo matatu kwa pigo moja. Klorini ya bomba huchoma matamvua na kuua bakteria wa kwenye chujio wanaoondoa amonia. Baridi ya ghafla humlegeza samaki wa maji ya uvuguvugu. La tatu nililielewa baadaye sana: tangi lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa maji huwa chachu, na kwenye uchachu amonia nyingi hukaa katika hali isiyodhuru sana. Ukipandisha pH ghafla, inageuka sumu kali hapohapo. Maji yaliyowatesa mwezi mzima mimi niliyafanya yawaue kwa siku moja.

Kwa hiyo: robo ya maji tu. Maji mapya yalale ndooni siku nzima yakipigwa hewa ili klorini itoke. Yapashe moto mpaka yalingane na ya tangini, tofauti isizidi digrii mbili. Mimina kwa kikombe. Kesho pima tena, kisha robo nyingine. ONYO: kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haitoki kwa kulaza maji, hiyo inataka dawa yake.

6. Washa pampu ya hewa usiku na mchana. Ziwa Nyasa liko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700. Kwa joto lilelile, maji ya huku hubeba oksijeni pungufu. Usijaze samaki kama aliyeko Kyela, kando ya ziwa.

MASWALI (kila muulizaji nimemwita kwa mahali alipo; Soweto ni mtaa wa hapa Mbeya)

Soweto: Samaki wanakufa, msaada haraka!
— Tangi lita ngapi? Joto? Maji ulibadilisha lini?
Soweto: Sijapima, ila maji ni masafi kabisa, na ni miezi mitatu sijayagusa.
— Amonia haina rangi. Hatua ya 2 na 3, kisha rudi.
Soweto: Mbona jirani yangu anamwaga yote kila Jumamosi na hawafi?
— Wa kila wiki, maji yake ya zamani na mapya hayapishani sana. Lako lina miezi mitatu. Nimeshaeleza hapo juu.

Mafinga: Shikamoo mwalimu. Jike wangu wa njano hali siku ya tano. Koo limetuna, anatafunatafuna na hamezi kitu. Nimtenge?
— Marahaba, mwanangu. Umeangalia vizuri sana. Huyo ana mayai mdomoni! Mbuna hutamia humo kama wiki tatu, na hayo "kutafuna" ni kuyageuza. Usimkimbize na wavu, atayatema. Mpe pango la peke yake na utulivu. Ila kama kinachovimba ni tumbo, na kinyesi ni cheupe kama uzi, hilo ni jambo jingine: mara nyingi ni chakula. Mbuna hukwangua mwani miambani, usimpe nyama. Mpe njegere zilizochemshwa na kumenywa, au mchicha.

Makete: Umeme ukikatika usiku, kaka?
— Funika tangi na blanketi pande zote. Jaza chupa mbili za maji ya moto, zifunge, zielee humo. Kila nusu saa chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu yaingize hewa. Umeme ukirudi, acha hita ipandishe joto polepole.

Tukuyu: Nimetoa wanne Kyela leo, mfuko umevimba njiani mpaka nikadhani utapasuka.
— Ni kupanda mlima, hewa ya ndani inatanuka. Mwambie muuzaji aache nafasi. Usiwamwage bado: acha mfuko uelee tangini nusu saa, kisha uwe unaongeza kikombe kimoja kimoja cha maji yako.
Tukuyu: Ndaga fijo (asante sana). Unaelea sasa hivi, na mmoja ameshafungua mapezi.