Kujijengea tenki kubwa ya samaki kwa nyumba bila kulowanisha jirani wa chini

Kabla uende kwa fundi wa vioo keti chini na karatasi upige hesabu yako mwenyewe, ju ukimwambia tu unataka tenki ya samaki atakukatia kioo cha dirisha cha milimita 6 na akuambie iko sawa bosi, na kwake iko sawa kweli maana si yeye ataamka saa nane usiku kukamua kapeti.

Tenki ninayoeleza hapa ni ya urefu wa sentimita 150, upana 60, na kwenda juu 60. Ikijaa pomoni inashika lita 510 hivi lakini hakuna mtu anajaza pomoni, utaishia kama 460. Sasa lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza vioo karibu kilo 100, mchanga wa kilo 50, stendi ya chuma, ukijumlisha umepita kilo 650 zimesimama mahali pamoja usiku na mchana. Hao ni watu kumi wazima wamejibanza kwa kona ya sebule yako na hawana mpango wa kwenda kwao. Kama unakaa ghorofani, iweke kando ya ukuta wenye nguzo, usiiweke katikati ya chumba, na uongee na landilodi kwanza. Mimi hii kubwa nilingoja hadi nikahamia nyumba ya chini, na sababu nitakuambia.

Kioo ni milimita 12, kile cha kawaida kisafi, kingo zipigwe polishi zisikukate. Watu hudhani kinachopasua kioo ni wingi wa maji, hapana, ni kimo. Maji ya kwenda juu sentimita 60 yanasukuma sehemu ya chini kwa nguvu ileile hata kama tenki ni nyembamba, kwa hivyo ukitaka kupunguza gharama punguza kimo, usipunguze unene.

Vipimo sasa, na hapa ndio watu wengi huanguka. Kipande cha chini ni 150 kwa 60. Mbele na nyuma ni 150 kwa 60, vinasimama juu ya kile cha chini. Vya pembeni vinaingia katikati ya mbele na nyuma, kwa hivyo si 60 tena, unatoa unene wa vioo viwili ambao ni sentimita 2.4, unabaki na 57.6, alafu unatoa kidogo tena ya nafasi ya silikoni, ile gundi ya kuunganisha vioo, mwambie fundi akate 57.4 kwa 60. Mimi mara ya kwanza niliagiza 60, nikabeba vioo vizito hivyo hadi nyumbani kwa pikapu ya kukodi, kujaribu kuvipanga ndio naona vimetokeza nje kama meno. Fundi alinikatia tena, na nikalipa tena. Alafu ongeza vipande vya kushikilia juu, viwili vya upana wa sentimita 8 vinavyofuata kingo ndefu kwa ndani, na kimoja cha 15 kinachovuka katikati kushika mbele na nyuma. Hivyo vya juu usiagize mapema, pimia tenki ikishasimama.

Stendi tafuta fundi wa kuchomelea, jua kali wako kila mahali, mwambie skwea tyubu na miguu sita si minne, miwili ya ziada ikae katikati. Juu weka plaiwudi nene ya milimita 18, alafu godoro jembamba la mazoezi ama maboksi ya povu jeupe yale ya kufungia TV, ikunywe vijiwe vidogo visije vikachokoza kioo. Weka pimamaji pande zote kabla ya kitu kingine chochote. Ikiinama hata kidogo maji yataelemea upande mmoja na utaiona hiyo mstari ya maji imekaa vibaya kila siku ukinywa chai.

Silikoni chagua ile ya asilimia mia inayonuka siki. Usichukue ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, hiyo dawa ni sumu kwa samaki. Panguza kingo zote na spiriti, bandika tepu pande mbili za kila kiungo ili usipake kioo kizima, alafu muwe watu wawili ama watatu, ju ikishatoka kwa mkebe una kama dakika kumi hivi kabla ianze kushika ngozi. Paka mstari mnene bila kukatika, simamisha cha nyuma, cha pembeni, cha pembeni kingine, malizia na cha mbele, funga na tepu, na usisukume sana hadi silikoni yote itoroke, inatakiwa ibaki milimita moja hivi kati ya vioo. Alafu pitisha mstari mwingine kwa pembe za ndani, lainisha na kidole, vua ile tepu ya kando ya viungo silikoni ikiwa bado mbichi.

Sasa ngoja siku saba, hata kumi kama ni Julai. Kuna ile tenki yangu ya kwanza kabisa, ndogo kuliko hii, niliijaza siku ya pili nikiwa naishi ghorofa ya tatu. Mama wa chini alipanda ngazi na sufuria mkononi kunionyesha maji yanayodondoka kwa jiko lake. Na ubaya wa silikoni ni kwamba mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, huwezi kuziba tu, ilibidi nikwangue yote na wembe nianze upya. So harufu ya siki ikiisha kabisa, jaza tenki nje kwa uwanja, iache siku tatu na gazeti kavu chini yake. Gazeti litakuambia ukweli.

Maji. Ya mfereji wa Nairobi mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, ni laini, yaani hayana madini mengi, lakini yana klorini, yaweke kwa mitungi wazi siku moja ama mbili kabla ya kuyatumia. Kwa mgao huu wetu tayari unahifadhi maji so si kazi mpya. Ya kisima cha ploti mengi yana chumvi na floridi nyingi, hayo yapime kwanza. Ukitaka mbuna, wale samaki wa Ziwa Malawi, wenyewe wanapenda maji magumu yenye madini mengi, weka mawe ya chokaa ndani.

Pampu isukume lita 2,000 ama zaidi kwa saa, na ndani ya filta weka sponji na yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu ambayo watu wa bustani hutumia. Kitu kingine, sisi tuko juu ya mita 1,600, maji ya huku yanashika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa, kwa hivyo pampu ya hewa si urembo. Hita chukua mbili za wati 200 badala ya moja kubwa, moja ikikufa usiku wa Julai nyingine inashikilia. Waya zote zining'inie chini kidogo kabla zipande kwa soketi, tone likifuata waya lianguke sakafuni si kwa stima. Tafuta pia pampu ndogo ya hewa ya betri, KPLC wenye stima unawajua.

Alafu tenki ikae bila samaki wiki nne hadi sita, ukitupa chembe za chakula kila siku zioze, bakteria wanaokula amonia na nitriti, zile sumu zinazotokana na uchafu, wakue kwa filta. Njia ya mkato ni kuomba sponji chafu kwa mtu mwenye tenki ya zamani yenye samaki wazima, uikamue ndani ya yako, maji yatakuwa kama uji lakini yatatulia. Amonia na nitriti zikisoma sufuri ukizipima anza na samaki watano sita wadogo, ongeza wengine baada ya wiki mbili, na kila Jumamosi toa mitungi mitano ya lita 20 urudishe mitano. Hita zizime kwanza, zikibaki kwa hewa zikiwaka zinapasuka.