Ufa mmoja, picha mbili: jinsi ya kutumia simu kufuatilia mteremko unaosogea

Kazi yangu ni picha za harusi, imbalu (sherehe za tohara za huku kwetu) na pasipoti, hapa Mbale mjini, mashariki mwa Uganda. Siku moja mama mmoja kutoka Bududa, wilaya iliyo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, aliniletea picha ya familia nimkuzie. Ilipigwa uani kwao mwaka 2016, msimu wa imbalu, vijana wamepakwa unga, na nyuma yao safu ya mikaratusi imesimama wima. Ua ule naujua, kwa sababu mwaka 2022 nilipiga picha hapohapo. Nikafungua faili zangu na kuziweka mbili kando kwa kando. Mikaratusi ileile, lakini safari hii vigogo vimelala kuelekea bondeni, na vilele vimepinda kurudi juu kutafuta jua. Pale nyumbani hakuna aliyekuwa ameona. Miti wanaipita kila siku, nayo ilihama polepole kuliko jicho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipiga picha za ardhi yenyewe, na nataka wenye simu walioko kwenye miteremko ya Elgon nao wafanye hivyo. Nametsi, kijiji cha Bududa, ilifukiwa na maporomoko ya udongo tarehe 1 Machi 2010, pamoja na kituo cha afya, na watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Oktoba 2018 ikawa zamu ya Bukalasi, hukohuko Bududa. Mwishoni mwa Novemba 2024 ikawa Bulambuli, wilaya nyingine ya Elgon. Mara nyingi mlima hutoa dalili kabla ya kuporomoka, na dalili hizo zinaingia kwenye picha.

Hatua ya 1: Anza na albamu ya nyumbani

Toa picha zote zilizopigwa nje: imbalu, harusi, mazishi, ubatizo. Nyuso ziache kwanza, tazama mgongoni mwa watu. Uzio umenyooka? Mlango wa jiko una pembe sawa? Kaburi la saruji limekaa bapa? Andika mwaka nyuma ya kila picha, kisha nenda usimame pale alipokuwa mpiga picha na ulinganishe. Imbalu hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa hiyo familia nyingi zina picha za ua uleule kila baada ya miaka miwili bila kujua kwamba wameweka kumbukumbu ya ardhi yao.

Hatua ya 2: Jua unachotafuta

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilipomwonyesha yule mama ufa juu ya shamba lake la kahawa, aliniambia, "Mwanangu, huo ni wa jua. Kiangazi udongo hupasuka kila mwaka." Nikamwambia, "Mama, wa jua hupasuka huku na huku, kama matope yaliyokauka kwenye beseni. Huu ni mmoja, umekata mteremko kwa mkunjo wa mundu." Tukainama pamoja. Upande wa chini ulikuwa umeshuka kiasi cha upana wa vidole viwili, na mizizi ya kahawa ilikuwa imevutwa kuvuka ufa kama kamba. Alinyamaza, akaita watoto waje kuona.

Ufa wa namna hiyo, wenye umbo la mwezi mwandamo na upande mmoja ulioshuka, ndio wa kuupiga picha kwanza. Mengine ni haya: miti au nguzo za uzio zilizoinama pamoja, seng'enge iliyolegea sehemu moja na kukazwa kupita kiasi sehemu nyingine, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, ufa wa ukutani unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, au ya zamani inayotoa maji ya matope, na uvimbe wa udongo chini ya mteremko, kana kwamba kuna kitu kinausukuma kwa ndani.

Tazama pia mahali mlima ulipokatwa ili kupata kiwanja cha nyumba. Udongo wa huku una mfinyanzi mwingi, hunywa maji na kuwa mzito, na ukiukata miguu hauna pa kuegemea.

Hatua ya 3: Chagua kituo, usikibadilishe

Picha ya leo na ya mwezi ujao zitalinganishika tu kama zimepigwa mahali pamoja. Chagua sehemu isiyosogea, ikiwezekana kando kabisa ya mteremko unaoushuku. Ukisimama juu ya udongo unaohama, utahama nao na picha haitaonyesha kitu. Zika jiwe bapa pa kukanyaga. Kata fimbo inayofika kifuani pako, na kila safari uegemeze simu juu yake.

Kisha tafuta vitu viwili vya kulinganisha: kimoja karibu, kimoja mbali ng'ambo ya bonde. Mimi kwenye kituo kimoja huhakikisha kona ya mwamba wa karibu inagusa ncha ya paa la kanisa lililo kwenye kilima cha pili. Zikigusana, najua nimesimama palepale. Washa mistari ya gridi kwenye kamera, uiweke simu nyingine yenye picha ya kwanza mkononi mwa mwenzako ili mlinganishe papo hapo.

Hatua ya 4: Weka kipimo ndani ya picha

Ufa bila kipimo unaweza kuwa wa milimita au wa mita. Weka rula. Huna rula? Karatasi ya A4 ina sentimita 29.7 kwa 21 popote duniani, na betri ndogo ya tochi ina urefu wa sentimita 5 hivi.

Kwa ufa wa ardhini, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, na msumari juu ya kila kigingi. Nyosha tepu ya fundi kutoka msumari hadi msumari, piga picha ya karibu namba isomeke, halafu piga ya pili kutoka kituoni. Kwa ufa wa ukutani, chora kistari cha penseli pale unapoishia na uandike tarehe kando yake. Ukivuka kistari, hakuna wa kubishana nawe.

Hatua ya 5: Mwanga na simu

Saa sita mchana ufa hupotea, kwa sababu jua likiwa utosini halileti kivuli. Unataka mwanga wa pembeni. Sisi tulio upande wa magharibi wa Elgon hupata jua la asubuhi kwa kuchelewa, mpaka livuke ukingo wa mlima, kwa hiyo napenda kati ya saa mbili na saa tatu na nusu. Jioni mwanga ni mzuri zaidi, lakini wakati wa masika mvua hukutangulia.

Futa lenzi kwa kitambaa. Zima urembo wote wa kamera. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Usitumie lenzi pana, maana huinamisha nguzo zilizo pembeni na kukuonyesha hatari isiyokuwepo. Ruhusu kamera kuandika mahali na saa.

Hatua ya 6: Rudia

Piga seti ya kwanza mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua za Machi hadi Mei, na nyingine Julai, kabla ya zile za Agosti hadi Novemba. Katikati ya msimu rudi kila wiki, na asubuhi baada ya kila mvua kubwa. Ipe faili jina lenye mwaka, mwezi, siku na kituo, ili zijipange zenyewe.

Hatua ya 7: Ifikishe kwa wenye mamlaka

Chapisha picha mbili, ya kwanza na ya mwisho, kwenye karatasi moja, tarehe kubwa chini ya kila moja. Mpelekee mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na kwa kupitia kwake zifike kata ndogo na kamati ya maafa ya wilaya. Niliwahi kupeleka picha moja tu ofisi fulani, nikarudishwa na jibu kwamba nyufa ziko kila mahali. Niliporudi na mbili zenye tepu ndani yake, mtu alipanda mlima kesho yake.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huipunguza ubora na kufuta taarifa za mahali na saa.

Na tafadhali, omba ruhusa ya wenye nyumba kabla hujamwonyesha mtu yeyote. Walionusurika Nametsi walihamishiwa Kiryandongo, wilaya nyingine, mbali na kahawa yao na makaburi yao, na watu huku wanajua maana ya kuambiwa uhame. Nakala ya kwanza iwe yao. Usiweke nyumba ya mtu Facebook kabla yeye mwenyewe hajaiona.

Wakati wa kuweka simu mfukoni

Mvua inanyesha na mto umepungua ghafla: huenda umezibwa huko juu. Maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa dakika chache. Unasikia ngurumo isiyotoka mawinguni, au mizizi na mawe vikikatika. Katika hali hizo hakuna picha ya kupigwa. Paza sauti, chukua watoto na wazee, mwende pembeni ya njia ya udongo na maji, msifuate bonde kushuka, na msirudi kuchukua godoro.

Yule mama anapima vigingi vyake mwenyewe siku hizi. Aprili umbali uliongezeka sentimita 3 kwa siku tisa, na usiku huohuo familia ilihamia kwa shemeji yake ng'ambo ya kilima. Mjukuu wake wa darasa la saba ndiye anayekwenda kupiga picha, mchana, mvua ikiwa imekatika, kutoka kwenye jiwe letu lililo kando.