SOMO: Kuchukuliana mizigo siku zote saba, si Jumapili tu

Shalom wapendwa.

Sikilizeni amri za Agano Jipya zinavyotamkwa: mpendane, mkaribishane, mchukuliane mizigo, msameheane, mwombeane. Hiyo "-an-" iliyo ndani ya kitenzi inadai watu wawili, na kila mmoja wao ni mtenda na mtendewa. Hakuna awezaye kusameheana akiwa peke yake. Wala huwezi kuchukuliana mizigo na mtu ambaye kila wiki unamwona kisogo tu, kwa saa mbili, akiwa kwenye benchi la mbele yako.

Semina, makongamano na wiki za maombi si vibaya. Ila programu ina anayehudumu na anayehudumiwa, ina siku ya kufungua na siku ya kufunga, na ikifungwa kila mtu hurudi nyumbani na mzigo aliokuja nao. Somo hili ni la wanaotaka kuanza kuiishi "-an-" katika kikundi kidogo cha nyumbani, bila kuliacha kanisa lao.

Hatua ya 1: Hesabuni nyumba, msianze na tangazo

Chukueni karatasi mwandike waamini wanaoweza kufikiana kwa miguu ndani ya dakika 15 au 20. Umbali una uzito kuliko watu wanavyodhani: anayehitaji safari ya saa nzima atakuja kwenye kikao, lakini hatakuja saa 4 usiku mtoto wako akizidiwa na homa.

Lengeni nyumba 4 hadi 6, watu wazima 8 hadi 12. Wakiwa chini ya 6, mmoja akiugua na mwingine akisafiri kikundi kimesimama. Wakizidi 12, mtu anaweza kukosekana wiki tatu na asiulizwe. Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, walifikia idadi hiyohiyo mwaka 1742. Walijigawa katika makundi ya watu wapatao 12 ili kukusanya senti za kulipa deni la jengo lao. Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba wakichangisha, wakaanza kuona hali halisi ya watu, na John Wesley, kiongozi wao, akatambua kwamba amepata njia ya kuwachunga. Deni la jengo ndilo lililowafikisha mlangoni.

Msichague marafiki tu. Changanyeni wazee na vijana, wenye ndoa na wasio nayo, wenye nafasi na wasio nayo.

Hatua ya 2: Mle kwanza, msome baadaye

Mara moja kwa wiki, siku ileile, nyumba kwa zamu. Mlo dakika 45, Neno dakika 30, maombi na daftari (tutalieleza) dakika 25. Fungeni kwa wakati hata mazungumzo yakiwa matamu, maana kuna mwenye watoto na kuna wa kuamka alfajiri. Hao ndio watakaoacha kuja kimyakimya.

Kwenye Neno, aya 10 hadi 15 zinatosha, na maswali mawili: linasema nini, na wiki hii linamgusa nani kati yetu?

Hatari kubwa iko kwenye chakula. Wiki ya kwanza mwenyeji hupika cha kawaida, wa pili huongeza kidogo, wa tatu huona aibu kupungukiwa, na kabla zamu hazijazunguka mara mbili nyumba yenye kipato kidogo itaanza kuleta udhuru siku yake ikikaribia. Wakorintho walijikwaa kwenye jambo hilohilo, huyu ana njaa na huyu amelewa, na Paulo akawaambia kwamba wanawatahayarisha wasio na kitu (1 Wakorintho 11:21-22). Wekeni sheria mapema: mwenyeji hupika kitu kimoja, kile ambacho nyumba yake ingekula siku hiyo, wengine huongezea. Asiye na cha kuleta anakuja mikono mitupu, na halisemwi.

Hatua ya 3: Daftari la mizigo

Hapa ndipo vikundi vingi hugeuka kuwa darasa la Biblia lenye chakula, basi tukae kidogo.

Wagalatia 6:2 inasema "mchukuliane mizigo", na aya ya 5 inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Hazipingani. Furushi ni shughuli ya kila siku ya mtu mzima: kazi yake, malezi ya wanawe, usafi wa nyumba yake. Mzigo ni kile kinachomlemea. Njia nyepesi ya kupima ni kuuliza: akikibeba peke yake mwezi mzima, ataanguka? Kama ndiyo, kiandikwe.

Daftari liwe na safu tatu: kinachohitajika, siku na saa, atakayefanya. Tuseme mama ametoka hospitalini baada ya upasuaji na ana watoto wawili wa shule. Ukurasa wake ungekuwa hivi:

- Mlo wa jioni: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 2. Nyumba tano, kila moja siku yake.
- Kupeleka watoto shule: saa 12:30 asubuhi. Wawili kwa kupokezana.
- Kufua: Jumamosi saa 3. Watu wawili.
- Wa kukaa naye mume akiwa kazini: saa 4 hadi saa 7 mchana. Kila siku jina moja.

Chini yake andikeni: anayeleta chakula asikae zaidi ya dakika 15. Mgonjwa anayepokea wageni sita kwa siku hapumziki.

"Mniombee, mambo ni magumu" halijawa ombi la kuandikwa. Muulizeni kwa upole: ugumu uko wapi, na siku gani ndiyo nzito zaidi? Kisha kila kikao kianze kwa kusoma ukurasa wa wiki iliyopita, kipi kimefanyika na kipi hakijafanyika. Kikundi kisichofanya hivi hujaza daftari kwa ahadi, na aliyeahidiwa akaachwa huumia kuliko ambaye hakuahidiwa kabisa.

Wiki tatu zikipita bila kitu kuandikwa, msifurahi kwamba wote wako salama. Hawajaaminiana bado. Mkubwa wa kikundi ndiye aanze kusema hitaji lake yeye. Watu hawafungui mlango kwa mtu ambaye wa kwake umefungwa.

Hatua ya 4: Mfuko

Mnamo mwaka 155 hivi, Yustino Mfiadini alieleza jinsi Wakristo walivyotoa kila mtu kwa hiari yake, fedha zikawekwa kwa msimamizi ili kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Fuateni roho hiyo: hiari, bila kusoma majina. Wawili wahesabu, wa tatu aandike, na asiwe mke au mume wa mmoja wao. Kubalianeni kiasi ambacho wawili wanaweza kutoa usiku wa dharura bila kikao.

Toeni, msikopeshe. Mkopo huwageuza ndugu kuwa mdai na mdaiwa, na mdaiwa akichelewa kulipa ataanza kukosa kuja kula. Mtapoteza fedha, na ndugu pia. Kama kiasi ni kikubwa, toeni sehemu mnayoweza kuisahau.

Hatua ya 5: Kuungama na kuonyana

Mambo mazito hayasemwi mbele ya watu 12. Gawanyikeni wawili wawili au watatu watatu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, kila baada ya wiki mbili. Linalosemwa hapo linabaki hapo, isipokuwa mtoto anaumizwa au maisha ya mtu yako hatarini. Mpaka huo utajwe siku ya kwanza, si siku ya tatizo.

Mtu akikosewa, Mathayo 18:15 ifuatwe kwa mpangilio wake: wewe na yeye peke yenu kwanza. Jihadharini na umbeya uliovaa kanzu: "tumwombee fulani, nasikia nyumbani kwake..." Jibu ni moja: umeshamwendea mwenyewe?

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Bwana asifiwe mwalimu. Kuna ndugu anapokea tu, kila wiki yumo daftarini. Tufanyeje?

Jibu: Amina. Tofautisheni asiyeweza na asiyetaka; 2 Wathesalonike 3:10 inamzungumzia asiyetaka. Kabla ya kumhukumu, angalieni kama mmewahi kumwomba chochote. Mara nyingi kikundi humzoesha mtu kupokea kwa kumwona kama hitaji linalotembea. Mpeni jambo lililo ndani ya uwezo wake: kukaa na mgonjwa, kuangalia watoto, kufungua kwa sala. Akikataa mara kwa mara akiwa na uwezo, wawili wakae naye wamwambie wazi.

Swali: Shalom. Mchungaji wetu anahisi tunaanzisha kanisa ndani ya kanisa.

Jibu: Hofu yake si ya bure, makanisa mengi yamegawanyika kwa njia hiyo. Mwendeeni kabla ya kuanza, si baada ya kusikia. Mwambieni majina, siku na nyumba, na mwalikeni mezani bila kumpa la kuhubiri. Zaka na sadaka ziendelee kwenda kanisani, na ubatizo na Meza ya Bwana vibaki mikononi mwa kanisa. Msikutane saa za ibada.

Swali: Mimi naishi peke yangu, chumba kimoja. Nitakaribishaje watu kumi?

Jibu: Zamu yako ichukuliwe kwenye nyumba ya mwingine, lakini mwenyeji ni wewe: unapanga mlo, unaongoza sala. Chumbani kwako wakaribishe wawili. 1 Petro 4:9 inataka tukaribishane pasipo kunung'unika. Ukubwa wa sebule hautajwi. Na ninyi wenye familia, msimfanye asiye na ndoa kuwa mtu wa kulea watoto wenu kila mara kwa kudhani ana muda.

Swali: Tumefika 15 na hatutaki kutengana. Ni lazima?

Jibu: Mkifika 14 na mahudhurio yasipungue kwa miezi miwili, gawanyikeni. Msigawe kwa umri wala kwa urafiki, gaweni kwa umbali wa nyumba. Msitenganishe nyumba mbili zinazobebana mzigo ambao haujaisha, kama za mgonjwa na anayemuuguza. Kila upande uwe na angalau watu wawili waliozoea kuandika daftari, na kurasa za mizigo ambayo haijaisha zinakiliwe kwenye madaftari yote mawili. Mfuko ugawanywe kwa kufuata mahitaji, wala si kwa idadi ya vichwa. Kwa miezi sita ya kwanza kuleni pamoja mara moja kwa mwezi, vikundi vyote viwili, bila somo lolote.