Ukishabadili ekzosi: je, gari lako linahitaji sensa ya oksijeni yenye hita?

Sensa ya oksijeni ya zikonia (aina ya kauri) haitoi ishara ya kuaminika mpaka ncha yake ifikie joto la takribani nyuzi 300 za Selsiasi. Magari mengi ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na sensa ya waya mmoja isiyo na hita, nayo ilitosha kwa sababu ilifungwa kwenye manifoldi (bomba la kwanza la moshi kutoka kwenye injini), moshi ukiwa bado wa moto sana. Ukifunga hedasi ndefu (mabomba yanayochukua nafasi ya manifoldi), au ukiweka taabo (turbo) na sensa ikahamia nyuma yake, moshi hupoa njiani, na kompyuta ya gari hukosa habari za mchanganyiko wa petroli na hewa.

Usinunue sensa mpya kwa kukisia, pima kwanza. Endesha gari dakika 15, kisha liache kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), na bila kuchomoa plagi ya sensa gusisha multimita ya dijitali kwenye waya wa ishara na kwenye hasi ya betri. Volti zinapaswa kupanda na kushuka mfululizo, takribani kati ya 0.1 na 0.9. Subiri dakika tano nzima, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Namba zikizidi kuwa nzito, zikaganda, kisha zikaanza kucheza tena unapopandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, sensa inapoa, na hita ndiyo dawa yake. Zisipocheza hata hapo, kagua kwanza gasketi ya hedasi, kwa kuwa hewa inayoingia kwenye tundu dogo huidanganya sensa, halafu kagua ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri): sensa ya waya mmoja hutegemea chuma cha ekzosi, na kutu huikatia njia.

Ukiamua kuweka yenye hita, chagua ya zikonia ya nyaya tatu au nne. Nyaya mbili za rangi moja kwa kawaida ndizo za hita: mmoja upeleke kwenye umeme unaokuja swichi ikiwashwa, ukipitia fyuzi, na mwingine kwenye ethi. Huo wa umeme usiuunge moja kwa moja kwenye betri, kwani hita itaendelea kuinyonya usiku kucha. Ifunge ncha ikitazama chini kidogo, ili maji ya mvuke yasiikalie kauri na kuipasua, kisha rudia kipimo kilekile cha dakika tano.